Mama wa Posho na Mahindi Yasiyo na Kwao

Habari za kifo chake zilinikuta Kiamaiko, nimesimama mbele ya mbuzi aliyening'inizwa, nikibishana na muuzaji kuhusu mbavu. Mimi hununua nyama kule kule inakochinjiwa. Napenda kumwona mnyama angali na miguu minne, nijue ametoka kwa nani, ndipo nikubali kuitwa mteja. Fundi mmoja wa mota, mtu wa kuzunguka mitaani akifufua mashine za watu, alinigusa bega. "Mzee, umesikia? Yule mama wa posho wa Mowlem ametuacha. Jana, huko hospitali." Kabla sijafungua kinywa, muuza nyama aliyekuwa akifuta kisu akadakia, "Yupi, yule wa GMO?" Fundi akamjibu, "Eeh, huyo huyo wa GMO." Nililipa nikaondoka bila hata kuangalia mbavu nilizopewa, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Mwanamke aliyewasagia watu unga tangu barabara yetu ilipokuwa matope, aliyesomesha watoto wake kwa kelele ya mota moja, aliyeimba kwaya mpaka sauti ikamkauka, amefupishwa kuwa herufi tatu. Na herufi zenyewe alibebeshwa. Hakuwahi kuuza mahindi ya GMO akijua, wala hakuwahi kuapa kwamba hakuyauza. Kosa lake lilikuwa hapo katikati, na hapo katikati ndipo alipobanwa mpaka mwisho.

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wananijua, na wapya nitawaambia bila haya. Nilizaliwa Ziwani, hapa Nairobi, katika chumba kimoja cha nyumba za baraza la jiji, baba akiwa mfanyakazi wa baraza hilo. Niliondoka nchini na begi moja na diploma ya teknolojia ya chakula. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha vyakula kwenye mji baridi wa Uingereza, nikaanza kwa kubeba kreti, nikamaliza nikiwa msimamizi wa sehemu ya lebo, na Wazungu wenye digrii wakiniuliza kama pakiti inaweza kutoka au isubiri. Nilirudi, nikajenga ghorofa langu Mowlem, jiwe kwa jiwe, na leo baadhi ya hao wenye digrii ni wapangaji wangu. Mama wa posho alikuwa upande wa pili wa barabara, katika chumba cha chini cha jengo linalotazamana na langu. Alitoka magharibi ya Kenya, mke wa mtu wa reli aliyestaafu. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa majirani wawili wenye kujivuna, kila mmoja akimvumilia mwenzake. Mimi nikimwonyesha ghorofa, yeye ananionyesha watoto wake waliohitimu. Aliniita Majuu, yaani mtu wa ng'ambo. "Majuu, ulienda kubandika karatasi kwa makopo ukarudi na mikono laini," alikuwa akinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, na mtaa mzima ukasikia, maana mashine ilikuwa imemla masikio na hakuwa na sauti ya kunong'ona. Hata kanisani, waliniambia, siri yake na Mungu waliijua wote wa viti vya mbele.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye benchi la posho, acha nieleze. Mtu huja na mahindi yake kwenye ndoo, hupanga foleni, na zamu yake ikifika humiminwa juu, unga ukatoka chini kupitia mfuko mrefu wa kitambaa mpaka kwenye ndoo yake. Lakini mashine haijimalizi. Tumboni mwake hubaki unga wa aliyetangulia, na huo ndio hutoka kwanza kwa anayefuata. Kwa hiyo kila aliyesaga pale alikwenda nyumbani na vijiko kadhaa vya jirani, akamwachia wa nyuma yake vijiko vyake. Watu wa magharibi waliletewa magunia ya nyumbani kwa basi na walijisifu kwamba hakuna mahindi matamu kama yao. Watu wa Murang'a na Nyeri nao waliletewa yao, wakacheka kwamba wenzao husaga hata yale ambayo mtu mwenye akili angechanganya na maharagwe akapika githeri. Na sisi wa kuzaliwa huku huku, tusio na shamba la kuletewa kitu, tulinunua kwake, kutoka kwenye magunia aliyoyaegemeza ukutani, akitupimia kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Unga wetu wote ulipita koo moja. Sijui makanisa mangapi ya mtaa wetu yamewahi kuwaleta watu karibu kiasi hicho.

Kisha serikali ikatangaza kuruhusu mahindi ya GMO, yale ambayo chembe zake za urithi zimebadilishwa na wataalamu ili yastahimili wadudu au ukame. Wengine wakakimbilia mahakamani kuyazuia. Redio zikaanza kuwauliza wananchi wanaonaje, na wananchi, wakiulizwa wanaonaje, huona mengi. Kwenye foleni ya posho kila mtu alikuwa na lake: huyu amesikia yanakausha uzazi, yule amesikia ndiyo yanayoliwa na mabingwa wa riadha wa nchi nyingine. Vijana walifanya mzaha tu. Mwendesha boda mmoja, kijana mwenye jaketi lililopauka, alikuwa akija na chombo chake kitupu na kusema, "Sasa mathe, nipimie gorogoro mbili za GMO, nimee mkia nifukuze nzi stejini." Mama wa posho alicheka naye na kumpimia. Hakuna aliyejua kwamba mzaha ule ulikuwa ukimkaribia.

Nilikuwapo siku foleni ilipoganda. Mstaafu mmoja wa baraza la jiji, mama mwenye heshima zake, aliyetoka magharibi kama mwenye mashine, alikuwa amepokea gunia kutoka nyumbani asubuhi hiyo. Mbele yake alisimama yule wa boda na mahindi aliyonunua pale pale. Zamu ilipokaribia, mama yule aliweka kiganja juu ya ndoo yake kama anayefunika mtoto.

"Mimi sisagi nyuma ya huyu."

"Kwani niko na upele, mathe?"

"Wewe huna kitu. Mahindi yako ndiyo sijui yana nini."

"Si nimenunua kwa huyu huyu mama, wewe ukiona?"

"Ndiyo maana."

Mama wa posho aliinama kutoka juu ya mashine. "Dada yangu, pita mbele basi, usage kwanza, yaishe."

"Na huyo aliyetoka sasa hivi," akauliza mstaafu, "mahindi yake yalikuwa ya wapi?"

Yalikuwa ya ukutani, na wote walijua. Mama wa posho akatoa shauri ambalo mimi kama mtu wa kiwanda nililikubali: mtu mmoja mwenye mahindi ya nyumbani atoe gorogoro moja ipite bure, isafishe koo la mashine, unga wake wapewe kuku, kisha wenye mahindi ya nyumbani wasage wote kwa mfululizo. Wote walisema ni shauri jema. Kisha wote wakatazama ndoo zao.

"Anza wewe, si una gunia zima?"

"Gunia la mama yangu limesafiri kutoka Bungoma lije lilishe kuku wa nani?"

"Toa wewe wa Nyeri, nyinyi si huwa mnasema mna mengi?"

"Tunayo mengi kwa sababu hatuyatupi."

"Kwa hivyo tukae hapa mpaka yaote?" akauliza wa boda, na watu wakacheka, lakini hakuna aliyeinua ndoo. Mashine ilikuwa ikizunguka tupu, ikila umeme na kulia ovyo. Mwishowe mama wa posho akaizima. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza bila mashine nyuma yake, kwa sauti ile ile ya juu, na chumba kilikuwa kidogo mno kwake. "Mlikuwa mkila pamoja siku zote hizi," alisema. "Nani amewaambia muanze kujuana leo?"

Akavuka barabara akaja kwangu, unga ungali kwenye nyusi. "Wewe Majuu. Si ulikuwa ukibandika karatasi kwa vyakula vya Wazungu?"

"Nilikuwa msimamizi wa lebo," nikamsahihisha.

"Haya, msimamizi. Njoo usimamie magunia yangu. Niandikie hapo ukutani kama ni GMO au si GMO, watu wangu warudi kwa foleni."

Nilimweleza ninayoyajua, na ninayoyajua nayajua vizuri. Lebo haianzii kwenye gundi. Katika kiwanda chetu hakuna ndoo ya mafuta wala mfuko wa wanga ulioingia bila hati ya aliyeuleta, ikisema hiki ni nini na kimetoka wapi. Sisi tulinakili tu. Siku mzigo ulipofika bila hati, hatukukisia. Tulisimamisha mitambo, tukaenda kunywa chai, tukamwacha aliyeuleta ahangaike na simu mpaka ukweli ufike. Sijawahi kuandika kwenye pakiti jambo ambalo sikuambiwa na mtu anayeweza kushtakiwa kwalo. "Sasa twende tukaulize," akasema, akaifunga posho saa ya wateja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya hata siku ya uchaguzi.

Tulikwenda kwenye godauni alikonunua mahindi, upande wa viwandani. Mlangoni tulipishana na mkokoteni wa jirani yake wa biashara, mwenye posho nyingine mwisho wa barabara yetu, ukiwa umepakiwa magunia kutoka rundo lile lile analouziwa mama wa posho. Mwenye godauni alikuwa mtu mpole wa makamo, mwenye kalamu sikioni, akatupa viti. Mama wa posho hakukaa.

"Haya mahindi yametoka wapi?"

"Yametoka kwa lori, mama."

"Na lori?"

"Lori lilipakiwa kutoka kwa lori lingine, huko njiani." Akanigeukia. "Na huyu ni nani? Afisa?"

"Ni jirani yangu. Ana diploma."

"Hongera, mzee." Aliitoa ile kalamu, akaitazama, akairudisha sikioni. "Niwaambie ukweli. Nikimuuliza aliyeniletea, ananiambia kama hutaki wako wanaotaka. Ya hapa nchini, ya mpakani, ya meli, yote huja kwenye magunia ya aina moja. Sasa mama, mimi nikikuambia sijui, utaacha kununua kwangu?"

"Nitaenda wapi?"

"Ehe," akasema, kwa upole kabisa, akaenda kumhudumia mtu mwingine.

Njiani nilimtajia vipimo. Maabara zipo, nikamwambia, zinazoweza kusema. Akaniuliza kama wangepima gunia moja au kila gunia, lori hili au na lijalo, na kama majibu yangerudi kabla mahindi hayajawa unga, unga ukawa ugali, na ugali ukawa jana. Mtu wa posho hanunui mzigo wa meli. Hununua kidogo, huuza upesi, hununua tena. Kufikia wakati anapojibiwa, anachouza si kile alichokiulizia.

Mama wa posho alipofika kwake, alichukua ubao wa boksi na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa: HAYA MAHINDI SIJUI KAMA NI YA GMO. NIMEULIZA SIKUJIBIWA. Akausimamisha juu ya magunia. Mimi niliyekagua lebo nyingi kuliko mistari ya gazeti hili nawaambia kwamba sijawahi kuona iliyo kweli kuliko ile. Nilimwambia hivyo, naye akafurahi, kwa kuwa sifa zangu hazitoki ovyo. Mwisho wa barabara, mwenye ule mkokoteni tuliopishana nao naye alitundika yake siku hizo hizo: HAPA HAKUNA GMO. Rundo lilikuwa moja, godauni moja, lori moja lililopakiwa kutoka kwa lori lingine. Mnajua walikokwenda wateja.

Hawakwenda kwa hasira. Walikwenda kwa heshima, wakipitia ng'ambo ya barabara ili wasimsalimie na ndoo zikiwa mkononi. Wenye mahindi ya nyumbani walikwenda kwa sababu pale kwake kulikuwa na mahindi yanayoshukiwa. Wasio na mahindi ya nyumbani walikwenda kwa sababu kule kwa mwenzake kulikuwa na mtu anayejua. Yule wa boda alikuwa wa mwisho kuhama, na ndiye peke yake aliyekuja kuaga. "Mathe, si uandike tu kama yule? Sisi sote tunajua mnanunua pamoja."

"Kama mnajua, mbona mnaenda kwake?"

"Kwa sababu yeye amesema anajua. Wewe ukisema hujui, unafanya hata mimi nisijue. Nikikula usiku, na watoto wakiniangalia, nitafikiria nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona mama wa posho akiugeukia ule ubao, kisha magunia, kisha ubao tena. Mtu aliyetia mguu kwenye matope hutafuta pa kukanyagia ili autoe, lakini yeye kila alipokanyaga palikuwa matope. Ule ubao akiuondoa, watasema ameficha. Akiuacha, wanasema amekiri. Akiandika kama jirani, yeye anayesimama mbele ya kanisa kila Jumapili ataimba nini? Kuhama hakuwezekani: mashine ya posho hufungwa kwa bolti kwenye saruji, na waya wake mnene wa umeme hauvutwi kwenye chumba chochote tu. Mwenye jengo alitaka kodi ya chumba chake kama kawaida, awe na foleni au asiwe nayo. Binti yake mkubwa, mama wa watoto wawili aliyekuwa akimsaidia, alimlilia autoe ubao. "Mama, serikali yenyewe haijaandika, wewe ni nani?" Alimjibu kwa ile sauti, nikamsikia nikiwa kwenye ghorofa langu: "Mimi ndiye wanayenitazama usoni wakinunua!" Alikaa hivyo, akisaga ya wachache, na magunia ya ukutani yakashuka polepole mno, mengine yakaingiwa na dumuzi.

Sisemi hilo ndilo lililomuua. Alikuwa na presha tangu zamani, kama nusu ya rika letu, na daktari alisema presha. Nilimtembelea wodini na maji ya chungwa. Alikuwa amepungua, ila sauti ilikuwa ile ile, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka kichwani. "Majuu! Wameanza kuandika?"

"Nani, mama?"

"Hao wa melini. Hao wa lori la kwanza."

"Bado."

"Basi na mimi bado siondoki," akasema, akafumba macho, nikadhani ananicheka.

Sasa niseme langu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya hapa. Naunga mkono lebo ya lazima kwa vyakula vya GMO, na nitaiunga mkono mpaka nife. Wapinzani wake wana hoja, na si wajinga. Wanasema wataalamu wengi hawajaona kwamba vyakula hivyo vilivyoidhinishwa vina madhara kuliko vingine, basi lebo itawatisha watu bure. Mimi sina ugomvi na hao wataalamu, na ugali wa GMO ukiletwa mezani nikiwa na njaa nitaula. Lakini lebo si onyo la sumu. Kule kiwandani tuliandika maziwa, tukaandika njugu, tukaandika ngano, na hakuna aliyedhani maziwa ni sumu. Tuliandika kwa sababu chakula kinaingia mwilini mwa mtu, na mwili ni wake. Anayemnyima mtu habari kwa hofu kwamba ataielewa vibaya ameshamhukumu kuwa mtoto. Watu wa Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki ya jiji, si watoto. Walitishika kwa sababu waliachiwa mnong'ono, na mnong'ono humtisha mtu kuliko maandishi yoyote.

Hata hivyo, yule mama amenionyesha kwa yaliyompata jambo ambalo wanaobishana kwenye runinga hawaligusi. Naambiwa kanuni za kuandika zipo tayari vitabuni. Sawa. Lakini zinafikiria pakiti. Sisi wa huku tunakula pakiti ngapi? Tunakula gorogoro, tunakula githeri ya sufuria kando ya barabara, mandazi kwenye gazeti, uji kwenye kikombe kilichofungwa kwa kamba. Lebo ya gorogoro utaibandika wapi? Tukisema kila muuzaji aandike, huku hakuna mtu bandarini, mpakani wala kwenye lori la kwanza anayelazimishwa kusema amebeba nini, tumewatwika wa mwisho mzigo wa wa kwanza. Askari wa kaunti akija Mowlem akamkuta mama wa posho hana lebo, atamkamata yeye. Hatamkamata mwenye meli, kwa kuwa mwenye meli hakai kwenye benchi. Maji hufuata mkondo, na habari pia. Huwezi kuziba chemchemi kisha ukamchapa aliye bondeni kwa kuja na ndoo kavu.

Nilikwenda matangani. Watu walijaa, na wengi wao walikuwa wale wale waliopita ng'ambo ya barabara. Walimsifu kwa dhati, siwezi kuwanyima hilo. Yule mstaafu wa baraza aliongoza nyimbo na kulia zaidi ya ndugu. Ilipofika saa ya chakula, masufuria yakafunuliwa, mboga na nyama na ugali, na hakuna aliyenyoosha sahani. Mtu mmoja nyuma yangu akamuuliza mpishi, kwa sauti ya chini, "Unga ni wa hapa?" Hapa, yaani wa marehemu. Mpishi akakimbilia jikoni, akarudi na pakiti tupu ya dukani mkononi, akaionyesha kwa wote kama anayeonyesha kitambulisho. "Ni wa pakiti, ni wa duka!" Mikono ikanyoosha sahani. Nilimwomba ile pakiti, maana ugonjwa wa kazi hauponi, nikavaa miwani. Ilikuwa na picha ya hindi la manjano linalong'aa. Ilikuwa na vitamini zilizoongezwa, jina la mwenye kinu, namna ya kuhifadhi. Kuhusu mbegu, kuhusu nchi, kuhusu meli au lori, hapakuwa na neno. Ilikuwa kimya kabisa, na watu wakaula ule ukimya kwa shukrani, ndani ya nyumba ya mwanamke waliyemkimbia kwa kusema. "Ni unga wake ndio ulimmaliza, unajua," mwanamume mmoja akamnong'oneza mwenzake, kinywa kikiwa kimejaa. Binti wa marehemu alikuwa akipita na birika la maji ya kunawa. Akasimama. "Mzee, mama alikuwa akila mhogo tu miaka hii, daktari alimkataza ugali. Nawa mikono." Yule bwana akanawa tena, ingawa alikuwa ameshaanza kula.

Baada ya mazishi huko kwao, binti alirudi akaifungua posho. Nilivuka barabara kumpa pole na kumsikiliza, nikitarajia ataniomba ushauri, maana huo ninao. Hakuomba. Alikuwa amefagia, amepaka chokaa, na ukuta wa magunia ulikuwa mtupu. "Uongo wa yule wa mwisho wa barabara siuwezi, Mzee," aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, iliyonishtua kwa udogo wake. "Na ukweli wa mama pia siuwezi. Nina watoto. Nimeamua siuzi tena. Anayekuja na yake, nitamsagia." Na kweli, wenye magunia ya nyumbani walikuwa wamesharudi. Mstaafu wa baraza alikuwa wa kwanza kwenye benchi, ndoo magotini, akiongea na mtu wa Nyeri kama ndugu. Koo la mashine sasa lilikuwa safi. Hakuna mgeni aliyepita humo.

Ndipo akafika yule wa boda, akaegesha pikipiki, akaingia na chombo chake kitupu. Alimpa binti pole kwa mikono miwili. Kisha akatazama ukutani.

"Sasa sista, mahindi yako wapi?"

"Hatuuzi tena. Leta yako tusage."

"Yangu kutoka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwetu ni Ziwani, sista. Huko tunapanda nini, lami?"

Watu wa benchi walicheka, naye akacheka, kisha kicheko kikaisha na yeye bado amesimama pale na chombo chake. Binti akaigeukia mashine yake. Na mimi, mtoto wa Ziwani mwenye ghorofa na diploma, sina shamba, nami hula ninachouziwa. Yule wa boda alituaga, akaisukuma pikipiki bila kuiwasha, akielekea mwisho wa barabara kwa yule anayejua kila kitu.

Nimejifunza hili kwa jirani yangu, na ninawaandikia wale wanaotunga sheria zetu, kama wana muda wa kusoma. Lebo ya lazima ni haki, lakini ilazimishwe kwa anayejua, pale mahindi yanapoingia nchini na pale yanapotoka shambani, kisha kila mkono utakaoyapokea upokee na neno lake. Muuzaji wa gorogoro ya mwisho, akiachwa peke yake na sheria yenu, hamtamlazimisha kusema kweli. Mtamlazimisha kuchagua moja kati ya mawili: kudanganya, au kufunga.